Muulize Mwalimu: Mwenye chaki ni nani?

Mwezi huu zimenifikia barua tatu za watu wasiojuana, na zote zinazungumzia mipaka ya uchaguzi. Nilisomesha jiografia miaka 31 hapa Mombasa, na ramani nimezichora kwa mkono tangu kompyuta hazijaingia shuleni. Mstari wa ramani ni kitu ninachokijua, na nikikaa sana kwenye barua ya kwanza mnivumilie.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa Bakarani, Kisauni. Mwanangu wa pili yuko Mobile, mji wa bandari kule Alabama, Marekani. Ni mwaka wake wa tisa sasa, anachomelea vyuma vya meli. Uraia ameshapata, na Novemba 2024 alipiga kura kwa mara ya kwanza. Ananiambia mji wao umekatwa vipande viwili. Yeye alipigia eneo bunge la 2, mwenzake wa kazini akabaki la 1, na wote ni watu wa Mobile. Anasema ni mahakama iliyokata, ili watu weusi wapate mtu wa kuwasemea. Jirani yake Mzungu amemwambia huo ni upendeleo wa rangi. Mimi nauliza, kuna haja gani ya mistari hiyo? Mtu mweusi si akapige kura yake tu kama mwengine?*

Marahaba, mama. Mungu akulindie mwanao huko aliko.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaamka nikachukua komwe tisa kutoka mfuko wangu wa bao, na kokwa sita za tende. Nikazimwaga sakafuni mbele ya mjukuu wangu wa gredi ya 7, nikampa chaki. Nikamwambia: hizi 15 ni wapiga kura. Kila watano wachague mtu wao mmoja. Komwe humpigia komwe, kokwa humpigia kokwa. Haya, zungushia mistari.

Mara ya kwanza alitia kokwa mbili katika kila duara. Komwe tatu kwa kokwa mbili, mara tatu. Komwe wakachukua viti vyote, na kokwa, walio sita katika 15, wakatoka patupu. Nikamwambia afute, achore tena. Mara hii alikusanya kokwa tano mahali pamoja, ile ya sita akaiacha kwa komwe. Kokwa wakapata kiti kimoja. Mara ya tatu akazigawa tatu huku, tatu kule, na duara la mwisho akaliacha la komwe watupu. Viti viwili! Mbegu ni zile zile, hakuna iliyoongezwa wala iliyotolewa. Mtoto akanitazama akauliza, "Babu, kwani chaki huwa anayo nani?"

Hilo ndilo swali, mama. Kule Marekani, katika majimbo mengi, chaki iko mkononi mwa bunge la jimbo lenyewe, na huishika kila baada ya sensa ya miaka kumi. Wanasiasa ndio wanaojichorea uwanja watakaochezea. Ile njia ya kwanza ya mjukuu wangu, ya kuwatawanya watu ili wasifike popote, mimi huiita kupasua. Ya pili, ya kuwajaza wote chumba kimoja ili wasionekane vyumba vingine, huiita kurundika. Watu weusi wa Marekani wamefanyiwa zote mbili.

Umeuliza kwa nini mtu mweusi asipige kura yake tu. Huko huko Alabama kuna mji uitwao Tuskegee, wenye chuo maarufu cha watu weusi. Mpaka wa mji ulikuwa mraba, mtoto angeuchora kwa rula. Mwaka 1957 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuuchora upya, na ule mraba ukawa kitu cha pande 28. Wapiga kura weusi wa mji walikuwa kama 400. Mstari mpya ulipomaliza kupinda walibaki wanne au watano ndani, na hakuna Mzungu hata mmoja aliyetolewa. Watu walilala majumbani mwao ndani ya mji wakaamka nje ya mji, na kitanda hakikusogea. Kura zao walikuwa nazo mkononi, ila mji wa kuzipigia ndio haukuwepo tena. Profesa mmoja wa chuo kile, Charles Gomillion, akaenda mahakamani na wenzake, na mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mstari ule haufai.

Sasa njoo Mobile, kwa mwanao. Tangu 1911 mji huo uliongozwa na makamishna watatu, na kila mmoja wao alipigiwa kura na mji mzima. Watu weusi walikuwa kama thuluthi ya wakaazi. Hata mmoja hakuwahi kukikalia kiti kimoja katika vile vitatu. Chukua mfano wa hapa kwetu: wawakilishi wadi wa Mombasa ni 30, kila mmoja na wadi yake. Tuseme kila mmoja angepigiwa kura na kaunti nzima, kutoka Mwakirunge mpaka Shika Adabu. Watu wa Mwakirunge, huko mashambani, wangemtaka mtu wao kwa nguvu zote, lakini kura zao zingezama katika kura za kisiwa, Likoni na Changamwe kama chumvi baharini. Wakati mwingine, basi, kukosa mstari ndiko kunakomnyamazisha mtu, na hili watu wengi hawalioni.

Watu weusi wa Mobile, akiwemo Wiley Bolden, walishtaki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1980 ikawaambia haitoshi kuonyesha kwamba hamshindi. Thibitisheni kwamba mpango huu uliwekwa kwa nia ya kuwabagua. Mama, nia ya mtu aliyezikwa miaka hamsini utaitoa wapi? Lakini iliwatoka kaburini. Kesi iliporudi kusikizwa tena, ilitolewa barua ya mwaka 1909 ya Frederick Bromberg, aliyewahi kuwa mbunge huko, akiwaandikia waheshimiwa wa bunge la jimbo wazi wazi kwamba shabaha haikuwa kumzuia mjinga asipige kura, shabaha ilikuwa mtu mweusi. Kwa wino wake mwenyewe. Hivyo 1985 mji wa Mobile ukaanza kuchagua madiwani saba, kila mmoja na eneo lake, na watu weusi wakaingia.

Mobile ilibadilisha hata sheria ya nchi. Kulikuwa na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 6 Agosti 1965. Baada ya hukumu ile ya 1980, Bunge la Marekani liliirekebisha mwaka 1982, likasema matokeo pia ni ushahidi, nia si lazima. Mwaka 1986, katika kesi iliyotoka North Carolina, Mahakama ya Juu ikaweka maswali matatu ya kuanzia. Je, wachache hawa ni wengi kiasi na wanakaa karibu karibu, hata waweze kuwa wengi katika eneo bunge moja? Je, hupiga kura kwa pamoja? Na je, walio wengi nao hupiga kura kwa pamoja hivi kwamba karibu kila mara wanamwangusha yule wachache wanayemtaka? Hayo mawili ya mwisho yashike vizuri, maana nitayahitaji chini nikijibu barua ya Mji wa Kale. Watu wakichanganyika kwenye debe, kesi haipo.

Kesi iliyomgusa mwanao ilianzia 2021. Alabama ina viti saba katika Baraza la Wawakilishi, na watu weusi ni kama asilimia 27 ya watu wake. Robo na zaidi. Ramani ya 2021 iliwapa eneo moja tu walilokuwa wengi, la 7, na waliobaki wakapasuliwa. Na waliopasuliwa walikuwa wapi? Hapa mwalimu wa jiografia ndani yangu huamka. Kuna ukanda unaokatiza katikati ya Alabama uitwao Black Belt, yaani mshipi mweusi. Jina lilianza na udongo, udongo mweusi wenye rutuba uliokaa juu ya chokaa iliyoachwa na bahari ya kale. Udongo ukaita pamba, pamba ikaita watumwa, na wajukuu wa watumwa wako pale pale hadi leo. Bahari iliyokauka mamilioni ya miaka iliyopita ndiyo iliyoamua watu weusi wa Alabama wakae wapi. Ramani ya 2021 ikaukata ukanda huo vipande.

Juni 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu, majaji watano kwa wanne, kwamba ramani ile ina uwezekano mkubwa wa kuvunja sheria ya 1965. Bunge la Alabama likachora nyingine, ambayo eneo la pili lilikuwa na watu weusi kama asilimia 40. Majaji wa chini wakaikataa, wakampa chaki mtaalamu wao. Yeye ndiye aliyetoa eneo bunge la 2 la mwanao, linaloanzia Mobile, likapita Montgomery, mpaka mpakani mwa Georgia. Novemba 2024 Shomari Figures akalishinda, na la 7 likabaki kwa Terri Sewell. Ni mara ya kwanza Alabama kuwa na wabunge wawili weusi kwa wakati mmoja katika baraza hilo. Kura ya kwanza ya mwanao ilikuwa humo.

Na jirani yake Mzungu? Mwambie asimdharau. Jimbo lilijitetea kwamba Mobile na Baldwin, kaunti iliyo ng'ambo ya ghuba, ni watu wa pwani moja, bahari moja, bandari moja, wasitenganishwe. Mimi mtu wa pwani hoja hiyo ilinigusa. Lakini mahakama ilisema na Black Belt nao ni jamii yenye historia na umaskini wao wa pamoja, na huwezi kuilinda jamii moja kwa kuipasua nyingine kisha ukajiita mwadilifu. Nakubaliana nayo.

Pia jirani ana kesi upande wake. Mwaka 1992 North Carolina ilichagua wabunge wawili weusi, Eva Clayton na Mel Watt. Aliyewatangulia ni George White, aliyetoka bungeni mwaka 1901. Miaka tisini na kitu katikati! Lakini eneo la Watt lilikuwa kama uzi: lilifuata barabara kuu kwa kilomita zaidi ya 250, na mahali pengine halikuzidi sana upana wa barabara yenyewe. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ikasema mstari usioelezeka kwa lolote ila rangi una walakini, hata kama aliyechorewa ni mtu aliyeonewa. Kwa hivyo jirani haulizi upuuzi. Mwanao amjibu hivi: eneo la 2 halikumkabidhi mtu mweusi kiti. Weusi wa umri wa kupiga kura humo hawafiki nusu kamili. Figures ilibidi aombe kura kama mwengine yeyote. Alichopewa mtu wa Black Belt ni nafasi ya kura yake kuhesabika.

Jambo moja tena, nitalisema haraka. Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba kuchora mipaka kwa faida ya chama si jambo la mahakama za shirikisho. Kule kusini watu weusi wengi hupigia chama kimoja. Basi mwenye chaki siku hizi husema, "Sikuangalia rangi, niliangalia chama," na mstari ni ule ule. Mwanao asidhani mpaka wake ni wa milele.

*Mwalimu, mimi ni kijana wa Mtopanga, naendesha boda boda. Abiria mmoja kanipigia hesabu kwamba mbunge wa Kisauni anasimamia watu mara 13 kuliko mbunge wa Lamu Mashariki. Ni kweli? Na kama ni kweli, si viti vya huko vifutwe, tupewe sisi?*

Abiria wako alikuwa na hesabu nzuri. Sensa ya 2019 iliwakuta Kisauni watu 291,930, na Lamu Mashariki 22,258. Gawanya mwenyewe. Hapa hapa Mombasa, Likoni walikuwa 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171 na Changamwe 131,882. Kila mmoja na mbunge wake mmoja.

Katiba yetu, Kifungu cha 89, inasema maeneo bunge ni 290, na kila moja liukaribie wastani. Kwa watu 47,564,296 wa sensa ile, wastani ni watu 164,015. Miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache huruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 40, kwengine asilimia 30. Hata ukiipa Mombasa hiyo asilimia 40, kikomo cha juu ni 229,621. Kisauni imepita, Likoni imepita. Tena mipaka hii ilichorwa Machi 2012, pale Nyali ilipotolewa Kisauni na Jomvu ikatolewa Changamwe, na Katiba inataka irudiwe kati ya miaka 8 na 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi ilikuwa haina makamishna. Walikosekana tangu mapema 2023 hadi Julai 2025. Unadai haki yako, mwanangu, na deni limeiva.

Lakini ile sehemu ya pili ya swali lako naikataa. Lamu Mashariki ni Faza, Kizingitini, Siyu, Pate, Kiunga. Ni visiwa na fukwe za Wabajuni, watu wa jahazi na nyavu, ambao ni wachache mno katika nchi hii. Ukilifuta eneo lile kwa hesabu ya vichwa, utawatia Lamu Magharibi, iliyokuwa na watu 121,662 katika sensa ile, pamoja na Mpeketoni, ambako tangu miaka ya 1970 serikali iliwapa makao watu wengi kutoka bara. Sina ugomvi na mtu wa Mpeketoni. Naye ni Mkenya na ana haki yake. Lakini kumbuka komwe na kokwa sakafuni kwangu. Wabajuni watakuwa kokwa katika duara la komwe, na mambo yao, pasi za uvuvi, kina cha mlango wa Mkanda, boti ya hospitali, yatangoja huruma ya mtu asiyevua.

Wewe uko Mtopanga. Hapo hapo Kisauni unao majirani Wabajuni tele, muulize mmoja wao jamaa zake walioko Faza watasemewa na nani.

Waandishi wa Katiba waliliona hili. Walisema mapitio ya kwanza baada ya 2010 yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo. Kinga hiyo ilikuwa ya mapitio ya kwanza tu. Mapitio yajayo hayana. Kwa hiyo ninaogopa kwa ajili ya Faza, na nasema wazi.

Utaniuliza, basi Kisauni ipate wapi? Idadi ya 290 imeandikwa kwenye Katiba, na kuiongeza ni kuibadilisha Katiba. BBI, ule mpango wa kuibadilisha Katiba, ilitaka kuongeza maeneo bunge 70, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ikayazima pamoja na mpango mzima. Njia iliyo wazi leo ni kuhamisha wadi. Kisauni ina wadi saba, Jomvu tatu tu. Mipaka ya ndani ya Mombasa inaweza kusogezwa ili watu wagawike sawa zaidi, bila kumgusa Mbajuni. Na ukigawa watu wote wa Mombasa, 1,208,333, kwa wastani wa nchi, unapata saba na kitu, ambapo tuna sita. Kiti cha saba tunakidai kihalali, tukikidai kutoka maeneo mengine yanayoweza kuunganishwa bila kumnyamazisha mtu.

*Assalam aleikum Mwalimu. Mimi ni msichana wa Mji wa Kale, nimemaliza chuo mwaka jana. Kwetu tuna Wamiji, Waarabu, Wabaluchi, Mabohora, na kila uchaguzi nasikia wazee barazani wakisema "tumemezwa". Tukasema tuombe eneo bunge letu sisi wachache. Unaonaje?*

Waaleikum salaam, binti yangu. Nimefurahi kwamba swali la wazee limeshikwa na mtu wa umri wako.

Kuwa na viti kwa kabila au rangi si jambo geni Kenya. Lilikuwa utaratibu wa mkoloni. Mwaka 1927 viti vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria vilikuwa 11 vya Wazungu, vitano vya Wahindi na kimoja cha Mwarabu, kila jamii kwa daftari lake. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa 1944, na Waafrika hawakuchagua mtu wao mpaka Machi 1957, viti vinane kwa nchi nzima. Cha Pwani alikipata Ronald Ngala. Wachache wakapewa wingi wa viti, na wengi wakaambiwa wasubiri. Hiyo ndiyo sura nyingine ya uwakilishi wa wachache, na wenzetu wa bara wanaikumbuka. Ukienda kuomba, nenda ukijua hivyo.

Upande wa pili, mahakama zetu zimewahi kuwasikiliza wachache wa kweli. Wa-Ilchamus, wavuvi na wafugaji wa Ziwa Baringo, walilalamika kwamba tangu uhuru hawajawahi kumpata mbunge wao katika Baringo ya Kati, na kwa idadi yao hawatampata. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliwakubalia kwamba jamii ndogo yenye utambulisho wake ina haki ya kuwakilishwa, na kwamba wachora mipaka lazima wawatie maanani. Baadaye Katiba ya 2010 ikaandika kwamba mipaka izingatie maslahi ya pamoja, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Hapo ndipo mlango wenu ulipo.

Lakini eneo bunge zima? Hapana, binti yangu. Mvita yote ni watu 154,171, na mkijifungia kwenye vichochoro vya Kuze, Kibokoni na Makadara hamfikii hata kile kikomo cha chini cha 98,409. Halafu mkijirundika mahali pamoja, kule Tudor, Majengo na Tononoka hakuna atakayehitaji kura yenu wala kupiga hodi kwenu. Na yale maswali mawili niliyomwambia mama wa Bakarani, jiulizeni kwa unyofu. Mabohora, Wabaluchi na Wamiji hupigia mtu mmoja? Hawa wote "hawamezwi" kwa pamoja. Wakati mwingine baadhi yao hula sahani moja na mshindi.

Mnachoweza kukipigania na kukipata ni wadi isiyopasuliwa. Mapitio yakija, mstari wa wadi ukipita katikati ya Mji wa Kale kwa sababu barabara fulani ni pana na inaonekana vizuri kwenye picha ya setilaiti, mtajikuta nusu huku na nusu kule, na hakuna upande utakaowaona.

Hili nalisema kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka 2012, wakati wa maoni ya umma, nilikwenda mkono mtupu. Mimi, mwalimu wa ramani! Nilikaa kitini saa mbili, zamu yangu ikafika, nikasimama nikaongea juu ya jina la wadi. Jina tu. Mzee mmoja mvuvi aliyenifuatia alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati, amechora kwa kalamu ya risasi wanakoteka maji, wanakozika, wanakouza samaki na shule wanayopeleka watoto, na mstari mmoja ukizizunguka zote. Aliongea dakika tatu. Makarani wote waliinamisha vichwa wakaandika.

Fanyeni kama yule mzee. Tembeeni na daftari kutoka Kuze mpaka Makadara, mwandike watoto husoma wapi, watu hununua samaki wapi, misiba hutangazwa misikiti gani, mvua ikinyesha maji hutuama kichochoro gani. Ombeni majina ya mitaa kwa wazee wale wale wanaosema mmemezwa, maana wao wanajua mpaka halisi ulipo. Karatasi kubwa ya ramani ninayo na chaki ninazo. Baada ya alasiri huwa nipo nyumbani.